Talaka haifuti sahihi ya mdhamini

Sisi tuliorejea kutoka Tanzania tulirudi na vitu vichache: vyombo, watoto, vyeti vya shule na Kiswahili. Hati za ardhi hatukuwa nazo. Wengi wa waliokimbia mwaka 1972 kutoka Rumonge na Nyanza-Lac, au watoto wao waliozaliwa kambini, walikuta mashamba yanalimwa na watu wengine, na kesi zikajaa mbele ya Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine iliyoundwa mwaka 2006. Asiye na hati hana cha kuweka rehani. Kwa hiyo anapokwenda kutafuta mtaji, taasisi ya fedha humuuliza swali moja tu: nani atakudhamini?

Hapo ndipo mwalimu anapotafutwa. Mshahara wake si mkubwa, lakini unapita kwenye akaunti kila mwezi na kila mtu anajua hivyo. Katika chumba cha walimu utasikia mtu akimwita mwenzake pembeni na kumwomba amwekee "avali", neno ambalo watu wa huku wamelichukua kutoka Kifaransa. Mfanyabiashara wa mpakani akiwa na mume au mke mwenye mshahara wa serikali, hahitaji kwenda mbali. Dhamana yake inalala naye nyumba moja.

Makala haya yanahusu yanayotokea baadaye, ndoa inapovunjika na mkopo ukiwa bado haujaisha. Ninaandika kwa sababu kuanzia Desemba 2023 hadi Julai 2025 mshahara wangu ulikatwa kila mwezi kulipia biashara ya mwanamke ambaye mahakama ilikuwa imekwisha kututenganisha. Siandiki ili kumlaumu. Ni mama wa watoto wangu watatu, na ni mfanyabiashara hodari kuliko wengi ninaowafahamu. Ninaandika kwa sababu wenzangu watano au sita wamenijia na swali lile lile, na kila mmoja alidhani hukumu ya talaka aliyonayo mfukoni inamtosha.

MKOPO ULIVYOANZA

Nilizaliwa katika makazi ya Katumba, Mpanda, nikasoma huko shule ya msingi, sekondari na ualimu, yote kwa mtaala wa Tanzania. Mwaka 2008 tulirudi, kwa treni hadi Kigoma na kwa malori hadi Mabanda. Kaka zangu wawili walibaki, wakachukua uraia wa huko. Mimi nilipata kazi ya kufundisha Kiswahili na Kiingereza katika eneo la Nyanza-Lac, ambalo wakati huo lilikuwa mkoa wa Makamba na tangu mwaka 2025 limo katika mkoa mpya wa Burunga.

Mke wangu alianza na beseni mbili za plastiki kutoka Kigoma. Baadaye akaleta vitenge, sabuni na ndoo kupitia Manyovu na Mugina, na kwenda akapeleka mawese. Machi 2021 biashara ilikuwa inajiendesha vizuri, na taasisi moja ya mikopo midogo ikakubali kumpa faranga milioni 10 za kulipwa kwa miezi 36. Sharti lilikuwa mdhamini mwenye mshahara. Nilisaini.

Mkataba ulikuwa wa Kifaransa. Mimi shule yangu ni ya Kiswahili na Kiingereza, kwa hiyo niliomba nakala, nikaipeleka kwa mwalimu mwenzetu anayefundisha Kifaransa, tukaisoma mstari kwa mstari usiku kucha kabla sijatia sahihi. Nilijua nilichosaini. Daftari la mauzo nililiona, marejesho yangeweza kulipwa, na nyumba ilikuwa moja. Nakala ile niliiweka pamoja na vyeti vya watoto vya kuzaliwa, na ndiyo iliyokuja kunisaidia kuliko kitu kingine chochote.

SAHIHI INASEMA NINI

Sheria ya mikataba ya Burundi ina asili yake katika Dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, iliyotungwa kwa ajili ya Kongo ya Mfalme Leopold na kuletwa huku wakati wa utawala wa Ubelgiji. Humo udhamini umeelezwa waziwazi: mdhamini ni mtu anayejifunga kwa mdai kwamba mkopaji asipolipa, yeye atalipa.

Kwa kawaida mdhamini wa namna hii ana kinga. Mdai akija kwake kwanza, anaweza kusema: nenda kaanze na mali ya mkopaji, ukikosa ndipo urudi kwangu. Katika karatasi za Kifaransa kinga hiyo huitwa "bénéfice de discussion". Lakini sheria hiyo hiyo inaruhusu mdhamini kuiacha kinga yake kwa maandishi, au kukubali kuwa "caution solidaire", yaani mdhamini anayesimama bega kwa bega na mkopaji, kiasi kwamba mdai anaweza kumfuata yeyote kati yao amtakaye. Ndugu msomaji, karatasi nyingi za taasisi za fedha zimekwisha kuandikwa hivyo kabla hujaingia mlangoni. Yangu ilikuwa hivyo.

Kuna mengine matatu ya kukumbuka. Kwanza, mdhamini aliyedhamini deni bila kuweka kikomo anabeba pia riba na gharama zinazoandamana nalo. Pili, mdhamini akifa, wajibu huo haufi naye. Unapita kwa warithi wake. Tatu, na hili ni la faida yako, udhamini haudhaniwi. Ni lazima uwe umetamkwa, na hauwezi kuvutwa kupita mipaka uliyoiandikia sahihi.

KARATASI MBILI, WATU WATATU

Ndoa yetu ilikwisha Septemba 2022. Sababu zake ni za kwetu wawili. Tuligawana vitu bila kelele nyingi, na katika makubaliano yaliyoingia kwenye hukumu iliandikwa kwamba deni la biashara litabaki kwa mwenye biashara. Ndugu zangu walifurahi. Mjomba wangu alinishika mkono akasema, "Sasa umekuwa huru, mwanangu."

Kwa upande wa ndoa alisema kweli. Kwa upande wa deni, hapana.

Sababu ni nyepesi ukiitazama vizuri. Mkataba unawafunga walioufanya, wala haumdhuru asiyekuwamo. Makubaliano ya talaka yalikuwa kati yangu na mtalaka wangu. Taasisi ya fedha haikuwamo, haikuulizwa, haikusaini. Mkataba wa udhamini ulikuwa kati yangu na taasisi ya fedha. Ndoa haikuwa sharti lake. Hakuna mstari uliosema "atadhamini maadamu ni mumewe". Nilipokwenda na hukumu yangu yenye mihuri, ofisa wa mikopo, kijana mwenye adabu, aliisoma yote, akanirudishia kwa mikono miwili na kusema: "Mwalimu, sisi hatukufungisha ndoa yenu, kwa hiyo hatuwezi kuivunja hapa. Sisi tunajua sahihi."

Hata hivyo hukumu ile si karatasi bure. Inafanya kazi kati ya waliokuwa mke na mume. Mmoja akilipa deni ambalo hukumu iliacha kwa mwingine, ana ushahidi mzito wa kudai arudishiwe. Ila kazi hiyo inaanza baada ya mdai kulipwa. Kabla ya hapo haimzuii mdai hata kidogo.

FARANGA ILIPOSHUKA

Mtalaka wangu aliendelea kulipa bila kukosa hata baada ya talaka. Februari 2023 mafuta ya magari yalikuwa ya shida nchini, malori yalichelewa, naye akaomba mambo mawili katika taasisi ile ile: muda wa deni la zamani usogezwe hadi Desemba 2024, na aongezewe faranga milioni 3. Alipewa yote mawili. Mimi sikuitwa.

Mei 2023 Benki ya Jamhuri ya Burundi ikashusha rasmi thamani ya faranga. Dola iliyokuwa kama faranga 2,100 kwa bei ya serikali ikapanda kupita 2,800, na mitaani ilikuwa juu zaidi. Wafanyabiashara wa Mugina wanajua maana yake. Unakopa kwa faranga, unanunua Kigoma kwa shilingi, unauza Nyanza-Lac kwa faranga. Mzigo uliouuza jana kwa faida, leo fedha zake hazinunui mzigo kama ule. Mtaji unayeyuka ukiwa mkononi. Julai aliacha kulipa. Agosti akavuka, akaenda kwa dada yake Kasulu.

Mkopaji ana miguu, mshahara hauna. Ndiyo maana watu wa mikopo hutafuta mshahara kwanza. Oktoba 2023 nilipokea barua ya kunitaka nilipe faranga milioni 6 na laki 4, la sivyo mshahara ungekatwa kwa mujibu wa idhini niliyoitia sahihi mwaka 2021.

Mambo mawili yaliniuma, na la kwanza lilikuwa paa. Nilikuwa nimejenga kuta za vyumba vitatu na kuweka akiba ya mabati, watoto wahame kutoka nyumba ya kupanga. La pili lilikuwa maneno ya watu. Mwanamume anamlipia mwanamke aliyeachana naye! Mwenzangu mmoja aliniambia wazi, "Wewe mlipie, yeye yuko Kasulu anakucheka." Nilimpigia simu. Hakucheka. Alisema, "Mwalimu, sikukukimbia wewe, nimekimbia deni. Nikipata mtaji nitarudi." Nilimwambia deni halikumfuata Kasulu kwa sababu lilikuwa limenifikia mimi kwanza.

NILICHODAI

Nilitoa nakala yangu, nikaomba na taarifa kamili ya akaunti ya mkopo. Milioni 6.4 zilikuwa na sehemu tatu: milioni 3.3 za mkopo niliodhamini pamoja na riba yake, milioni 2.6 za nyongeza ya Februari 2023, na faini laki 5.

Kuhusu nyongeza, niliandika barua fupi. Karatasi yangu ilitaja mkopo mmoja, kwa namba yake, tarehe yake na kiasi chake cha milioni 10. Haikusema "mikopo yote, ya sasa na ya baadaye". Nyongeza haikuwa na sahihi yangu, na udhamini hauvutwi kupita mipaka yake. Baada ya wiki tatu na barua mbili, taasisi iliondoa milioni 2.6 pamoja na faini laki 2 zilizotokana nazo.

Kuhusu kusogezwa kwa muda, hapo sikuwa na la kusema. Kwa sheria yetu, mdai akimwongezea mkopaji muda peke yake, mdhamini hafunguliwi. Anachopewa ni haki ya kumshtaki mkopaji ili amlazimishe alipe, hata kabla yeye mwenyewe hajalipa kitu. Ni haki nzuri, lakini ni ya mtu aliyepata habari mapema.

Zikabaki milioni 3 na laki 6. Tulikubaliana nikatwe 180,000 kwa mwezi kwa miezi 20, nao wakasimamisha faini. Mabati yalisubiri. Mtoto wa kwanza alikuwa anaingia shule ya bweni, nikatafuta vipindi vya jioni.

Kila makato yalipotoka niliomba stakabadhi, na mwisho nikaomba barua inayosema kwamba nimelipa mimi, kama mdhamini, kwa ajili ya nani na kiasi gani. Hili ni muhimu sana. Mdhamini aliyelipa anaingia mahali pa mdai: haki ambazo taasisi ilikuwa nazo juu ya mkopaji zinakuwa zake, pamoja na rehani au dhamana nyingine kama zilikuwapo. Lakini lazima athibitishe kwamba alilipa. Tena amjulishe mkopaji kabla ya kulipa. Mkopaji asiyejua akilipa deni lile lile mara ya pili, mdhamini anapoteza haki ya kumdai, inambidi amfuate mdai.

NG'AMBO YA MUGINA SHERIA NI NYINGINE

Wasomaji wengi wa ukurasa huu wanakopa pande zote mbili za mpaka, au wana ndugu Kigoma na Kasulu wanaowadhamini. Wasidhani kwamba kilichoandikwa hapo juu kinavuka mpaka pamoja nao.

Tanzania inafuata Sheria ya Mikataba yenye asili ya Kiingereza, iliyopitia India. Huko wajibu wa mdhamini ni sawa na wa mkopaji tangu mwanzo, isipokuwa mkataba useme vingine. Hakuna kinga ya kusema "anza naye". Kwa upande mwingine, huko mdai akibadili masharti ya mkopo, au akakubaliana na mkopaji kumpa muda bila ridhaa ya mdhamini, mdhamini anaweza kufunguliwa. Kwetu muda pekee haumfungui. Ila taasisi za huko nazo zinajua sheria yao, na fomu zao mara nyingi humfanya mdhamini akubali mabadiliko yote mapema. Tena Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ya huko inamzuia mume au mke kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Kwa hiyo ukiambiwa "njoo utie sahihi tu, ni utaratibu", ujue sahihi hiyo ndiyo inayofungua mlango.

MNAPOACHANA

Watu wakiachana hugawana vitanda, masufuria, mbuzi na watoto. Udhamini haumo kwenye orodha kwa sababu hauonekani. Ningependa uwe wa kwanza.

Kabla ya kwenda mahakamani, nendeni wote wawili kwa mdai. Ni yeye peke yake anayeweza kumfungua mdhamini, na atafanya hivyo kwa maandishi au hatafanya kabisa. Hana wajibu wa kukubali, lakini mara nyingine hukubali akiletewa mdhamini mwingine, au rehani, au sehemu ya deni ikilipwa mara moja. Siku hiyo mkopaji bado analipa na bado mnaongea. Akishavuka mpaka, mdai hana sababu ya kukuachia.

Mdai akikataa, mwandikieni barua kwamba mdhamini hakubali nyongeza yoyote mpya kuanzia tarehe hiyo, naye apige muhuri kwenye nakala yako. Kama karatasi yako ilisema "mikopo yote, ya sasa na ya baadaye", barua hiyo ndiyo hatua ya kwanza ya kujinasua na mikopo ambayo bado haijatolewa, ingawa ya zamani utabaki nayo. Omba taarifa ya deni la siku hiyo, ili baadaye asiwepo wa kubishana kuhusu kiasi.

Katika makubaliano ya talaka msiandike tu kwamba deni ni la fulani. Andikeni pia kwamba mwenzake akilazimika kulipa kama mdhamini, atarudishiwa kila faranga, kwa muda gani na kwa njia gani. Na kama kuna kiwanja au bidhaa, ielezwe kwamba itasimamia ahadi hiyo.

Kwa anayeombwa dhamana leo, mume au mke, ndugu au jirani, kuna haki moja ambayo haihitaji wakili: usisaini lugha usiyoisoma. Tuliosomea uhamishoni tunaona haya kusema kwamba Kifaransa hatukijui, hasa mbele ya kijana wa ofisini. Sema. Chukua nakala nyumbani. Tafuta mwalimu wa Kifaransa. Hata ukimlipa, ni nafuu kuliko miezi 20. Tafuta maneno mawili niliyoyataja, tafuta kiasi, tafuta kama mkopo mmoja umetajwa au yote. Unaweza pia kuomba udhamini wako uwekewe kikomo, kwa mfano nusu ya mkopo. Wengine hukataliwa. Wengine hukubaliwa, na mimi nimemshuhudia mmoja.

Mama wa watoto wangu alirudi kutoka Kasulu mwaka 2024. Tulikaa mbele ya wazee wawili, mmoja wa upande wake na mmoja wa kwangu, nikaweka mezani stakabadhi na hukumu. Hakubisha hata moja. Tuliandika kwamba ananirudishia milioni 3.6 bila riba, kila anapouza mzigo, na kwamba ada ya mtoto wa bweni akiilipa yeye ihesabiwe. Hadi sasa amekwisha kurudisha milioni 1 na laki 3. Anauza vitenge tena, safari hii kwa fedha yake, kidogo kidogo.

Na mwezi uliopita alinijia kuniuliza kama ninamjua mwalimu anayeweza kumwekea avali. Nilimwambia ninawajua wengi, na kwamba kila mmoja wao nitamwonyesha kwanza nakala yangu.